Ndege ya Majini Katika Chumba cha Eda

Nilitumwa stoo nikachukue jamvi jingine, maana wageni kutoka Mlandizi walikuwa wameshafika na sebuleni hapakuwa na pa kukalia. Stoo ni ileile ya nyumba yetu ya Misugusugu, na mlango wake bado unagoma kwa chini mpaka uusukume kwa goti. Nikausukuma. Kabla sijaliona jamvi, harufu ikanipiga usoni: supaglu ya zamani, mpira wa waya, vumbi. Juu ya masanduku, ndani ya mfuko wa zamani wa unga, ilikuwemo ile ndege ya kuchezea. Mabawa yalikuwa yamegeuka rangi ya chai ya maziwa. Miaka yote hii mama aliniambia ameshaitupa, na mimi nilimwamini.

Mama tulimzika jana yake. Ngoja niseme sawasawa: wanaume ndio waliomzika. Walimbeba kutoka hapa kwenda Kurui, huko ndani Kisarawe, wakamlaza karibu na baba, wakarudi jioni na udongo mwekundu kwenye viatu. Sisi wanawake tulibaki nyumbani na sufuria zetu na dua zetu, kama desturi ilivyo kwetu. Sina ugomvi na desturi, nimezaliwa humo. Nasema tu jinsi ilivyokuwa.

Na kilichonitoa sebuleni hakikuwa jamvi peke yake. Mwanangu Samira, wa miaka mitano, alikuwa ameuliza mbele ya watu, kwa ile sauti ya watoto isiyojua kunong'ona, "Mama, bibi yuko wapi?" Kabla sijafungua mdomo, Shangazi Mwanahawa akanitangulia. Huyu ni dada mkubwa wa marehemu baba. Meno ya mbele yamemwisha lakini ulimi anao. Akasema, "Bibi amesafiri, mjukuu wangu. Yuko Kurui." Wanawake wote wakatikisa vichwa kukubali. Mimi damu ikanichemka. Maneno hayo nayajua, niliwahi kupewa mimi, hayohayo, na mtu huyohuyo.

Nikakaa juu ya sanduku pale stoo, ndege mapajani, jamvi nikalisahau.

Baba yangu alikuwa fundi wa mitambo ya redio uwanja wa ndege, Dar. Alikuwa akitoka nyumbani alfajiri na kurudi jua limeshazama, shati limelowa mgongoni, na mfukoni kila mara ana kitu: skrubu, kipande cha waya, taa ndogo isiyowaka. Siku moja alirudi na boksi kubwa. Rubani mmoja wa kigeni, aliyekuwa akirudi kwao moja kwa moja, alimwachia. Ndani yake mlikuwa na ndege ya kuunda, ya rimoti, vipande vitupu, na baadhi ya vipande havimo.

Wenzangu wa rika langu mnakumbuka, mchezo wetu ulikuwa gari la waya lenye matairi ya ndala kuukuu. Kwa hiyo lile boksi lilipofunguliwa juu ya meza ya kulia, watoto wa jirani walijaa mlangoni mpaka mama akawafukuza. Mama alikuwa fundi cherehani, anashona mapazia na sare za shule, na hakupenda takataka mezani kwake. "Hiyo midude ndiyo tutakula usiku?" alimwuliza baba. Baba akacheka. Alikuwa na kicheko kifupi, cha puani, halafu anakuangalia kuona kama na wewe umecheka.

"Hii ni ndege ya majini," akaniambia. "Haihitaji uwanja. Inaondoka kwenye maji, inatua kwenye maji."

"Mbona ina injini mbili?"

"Moja ikizima, nyingine inakurudisha nyumbani."

Niliyameza maneno hayo mazimamazima. Baadaye sana, nikiwa mkubwa, ndipo nilipojua kwamba injini moja ikizima ndege huvutwa upande na kumpa rubani kazi kubwa kweli. Baba alijua. Alinipa tu maneno ya kulalia.

Tukaanza kazi, mimi na yeye. Aliniita Fundi, na mpaka leo ndugu wa upande wa baba hawaniiti vingine. Jumapili baada ya Jumapili tuliunganisha mwili, tukapachika mkia, tukanyoosha mabawa na kuyafunga. Kilichokosekana ndani ya boksi ni maboya, yale ya chini ambayo ndege hukalia majini. Sisi watoto wa Misugusugu boya lilikuwa tusi la kumwita mtu mjinga, kwa hiyo kila baba aliposema "nipe boya" mimi nilikuwa hoi kwa kicheko. Akaamua tuyachonge wenyewe. Mama Neema, jirani yetu, Mkristo wa kutoka bara, alikuwa amenunua televisheni mpya, na lile povu gumu jeupe lililokuja nayo ndani ya boksi akatupa sisi. Baba alipasha kisu kwenye jiko la mkaa akawa analikata polepole, linatoa moshi wenye harufu kali, mimi nimeshika upande wa pili nimeziba pua kwa bega.

Zile pangaboi za mbele, baba alisema jina lake rafadha. Mimi niliendelea kuziita pangaboi, kwa kuwa zilifanana na ile ya sebuleni. Alifunga mota ya kushoto kwanza, na hapo akanionyesha jambo ambalo nalikumbuka mpaka vidole vyake.

"Unaona waya tatu? Zote nyeusi, usitafute rangi. Ukiona inazunguka upande usiotaka, chomoa mbili, uzibadilishane. Hii moja iache ilipo, wala usiiguse."

"Mbili zipi?"

"Mbili zozote."

Nikachomoa, nikabadilisha. Mota ikageuza mwelekeo. Nikachomoa tena, ikarudi. Nilifanya hivyo mpaka mama akasema betri itakufa na mtoto atalala bila kula.

"Ikikamilika," baba alisema, "tunaipeleka Kurui. Kule kuna bwawa letu." Kurui ndiko kwao. Bwawa lenyewe ni shimo walilochimba mafundi wa barabara zamani wakichukua kifusi, likajaa maji ya mvua, yakaota mayungiyungi, na watoto wa kijijini wanavua perege humo. Yeye aliogelea humo udogoni. Alilieleza kana kwamba ni bahari.

Kisha baba akaanza kukohoa. Kwanza kidogo, halafu kikohozi cha kumkunja. Siku aliyopelekwa hospitali alikuwa ameketi mezani na ile mota ya kulia mkononi. Gari lilipofika akaiweka chini, akavaa koti ingawa kulikuwa na joto, akaniambia, "Ya kulia usiiguse mpaka nirudi, Fundi." Nikamwambia haya. Sikumwona tena.

Siku yenyewe mimi naikumbuka kwa jina la siku ya magari. Nilipelekwa kwa Mama Neema asubuhi, nikaambiwa nitazame katuni. Jambo la ajabu, kwa sababu siku zote tulifukuzwa kwenye ile televisheni. Mama Neema alinipikia chipsi peke yangu, halafu akawa anaingia chumbani anatoka na macho mekundu. Nje magari yalikuja mengi, yakaegeshwa mpaka barabarani. Nikasikia wanaume wengi wakiitikia kitu kwa pamoja, halafu magari yakaondoka yote kwa mkupuo, na kukawa kimya. Nilifikiri kuna harusi na mimi nimefungiwa kwa sababu sina nguo mpya. Nikanuna.

Niliporudishwa nyumbani jioni, mama alikuwa ameketi chini chumbani, amevaa nyeupe tupu. Shangazi Mwanahawa alikuwa ameshahamia na begi lake. Nikauliza baba yuko wapi. Mama akafunika uso kwa upindo wa nguo yake. Shangazi akanivuta kwake, akanishika kichwa, akasema, "Baba yako amesafiri, mwanangu. Yuko Kurui."

Sasa jamani, hebu fikirini kichwa cha mtoto. Kurui! Si ndiko kwenye bwawa? Si ndiko tulikoahidiana? Nikajua mara moja kilichotokea: baba ametangulia. Amekwenda kuandaa mahali, pengine kung'oa mayungiyungi. Kilichoniudhi ni kuondoka bila kuniaga na kuacha ndege haijaisha. Nikasema kimoyomoyo nitamsema nikimwona.

Mama akaanza eda. Mimi sikujua eda ni nini. Niliona tu kwamba mama hatoki nje, hajipaki manukato, havai rangi, hashoni nguo za watu, na mwanaume asiye wa ndani kabisa hamwoni. Nikamwuliza Shangazi, "Mama anangoja nini?"

"Anangoja siku zake zimalizike."

"Zikimalizika?"

"Zikimalizika, tutakwenda Kurui wote."

Basi, kila kitu kikakaa mahali pake. Mama anamngoja baba. Mke ambaye mume wake amesafiri, anakaa ndani na nguo nyeupe mpaka amfuate. Niliona ni utaratibu mzuri, wa heshima. Hata shuleni nilimweleza rafiki yangu hivyo, kwa majivuno kabisa, kwamba sisi kwetu baba akisafiri mama hatoki. Ndani ya nyumba ile, kati ya watu wote waliokuwa wakiingia na kutoka na macho mazito, mwenye furaha alikuwa mimi peke yangu. Nikilikumbuka hilo linaniuma kuliko yote.

Kazi yangu ikawa kuimaliza ndege kabla ya siku za mama kumalizika. Meza ya kulia ilijaa vyombo vya msiba, kwa hiyo nikahamishia boksi chumbani kwa mama, juu ya mkeka. Shangazi akafoka, "We mtoto, eda hii, siyo karakana! Mwenzako yuko kwenye mambo ya Mungu!" Mama, aliyekuwa hasemi siku nzima, akasema, "Mwache, wifi. Mwache tu."

Hivyo ndivyo eda ya mama yangu ilivyokwenda. Mwanamke aliyeiita ndege ile midude alishika mabawa yake mimi nikipaka gundi. Tulipojaribu kubandika boya kwa supaglu, lile povu likaanza kuyeyuka, likaliwa mbele ya macho yetu, likabaki tundu. "Khaa!" mama akasema, na nusura acheke. Tukachonga jingine kwa wembe wake wa kufumulia nguo, tukatumia gundi ya mbao, na yeye akalizungushia solotepu kwa ustadi, imenyooka bila kunyanzi hata moja, kama anavyopiga pindo la pazia. Supaglu tukaibakiza kwa plastiki na vijiti. Manukato alikatazwa, udi haukufukizwa, lakini chumba kile kilinuka supaglu kuanzia asubuhi mpaka jioni. Nikisikia harufu hiyo mahali popote, hata dukani kwa fundi viatu, namwona mama na zile nguo nyeupe na kidole chake cha shahada kilichoganda gundi.

Msaidizi wetu alikuwa Baba Mdogo Shabani, mdogo wa mwisho wa baba, aliyekuwa akiendesha bodaboda Kongowe. Yeye hakuruhusiwa kumwona mama, kwa hiyo alikuja dirishani. Pazia limeshushwa, yeye yuko nje kwenye jua, anapitisha bisibisi na betri aliyoichaji kati ya nondo, mkono wake tu ndio unaingia.

"Shemeji, hujambo?"

"Sijambo, Shabani. Mama huko Kurui anaendeleaje?"

"Anaendelea hivyohivyo. Analia."

Nikauliza, "Bibi analia nini wakati baba yuko naye?" Mkono wa Baba Mdogo ukasimama pale kati ya nondo, haukuingia wala haukutoka. Mama akainama akaendelea kusugua boya. Mimi nikaona watu wazima wamechoka.

Ikabaki mota ya kulia. Waya tatu nyeusi zinaning'inia, na mimi sizigusi, kwa sababu nilikatazwa. Ndege ilikaa hivyo muda mrefu, imekamilika kila kitu isipokuwa hapo. Mama akaniuliza mbona siunganishi. Nikamwambia baba alisema nisiguse mpaka arudi.

Mama akazitazama zile waya.

"Unganisha tu, Fundi," akasema.

"Baba amesema?"

"Unganisha tu, mwanangu."

Nikachukulia kwamba baba ametuma salamu. Nikaziunganisha kwa kufuata zile za kushoto, ya juu juu, ya kati kati, ya chini chini, nikiona mapacha lazima wafanane. Baba Mdogo akabonyeza rimoti kule nje ya dirisha, pangaboi zote mbili zikazunguka, pazia likapepea, na mimi nikapiga vigelegele peke yangu. Shangazi akaja mbio akidhani mama amezidiwa.

Siku zikamalizika. Asubuhi hiyo mama aliogeshwa na akina mama watu wazima, akavishwa gauni jipya la kijani, udi ukafukizwa nyumba nzima ukafuta harufu yetu. Nilimwona amependeza nikajua ni kwa ajili ya baba. Tukakodi Noah. Mimi nilikaa nyuma nimeipakata ndege, nimeifunga kanga isipate vumbi, na njia nzima ya kuingia ndani Kisarawe, mashimo na mikorosho na mihogo, nilikuwa nafanya mazoezi ya maneno ya kumgombeza baba.

Tulipofika, bibi mzaa baba alimkumbatia mama wakaanguka wote wawili pale uani wakilia. Nikawapita. Nikachungulia vyumba vyote. Nikarudi nikauliza, "Baba yuko bwawani?"

Bibi akamtazama Shangazi. Shangazi akatazama chini, kisha akanishika mkono, akasema kwa sauti ya kubembeleza, "Twende kwanza tukairushe ndege yako." Hapo ndipo angeweza kusema. Mpaka leo najiuliza, hapo si ndipo palikuwa penyewe?

Bwawa lilikuwa dogo kuliko nilivyosimuliwa, maji rangi ya udongo. Watoto wa kijijini wakatufuata. Sikumwona baba, nikajua yuko upande wa pili, kwenye majani, ananitazama kama nitaweza. Nikaiweka ndege majini kwa mikono miwili. Ikaelea. Yale maboya yetu ya povu la televisheni yakaishika vizuri, imenyooka, na moyo ulitaka kunipasuka. Baba Mdogo akawasha.

Ikazunguka. Haikwenda mbele hata kidogo. Pangaboi ya kushoto ilivuta kwenda mbele, ya kulia, ambayo kumbe ilichongwa izunguke kinyume na mwenzake, ikasukuma kurudi nyuma, ndege ikawa inajizungusha palepale, inarusha maji, inazunguka na kuzunguka. Watoto wakaangua kicheko. "Inacheza mdundiko! Inacheza mdundiko!" wakapiga makofi na kuanza kuikatikia viuno.

Mimi sikuwa na wasiwasi. Nikawaambia, "Chekeni tu, baba anajua dawa yake." Nikageukia kule kwenye majani nikaita. "Baba! Baba eee! Ni mota ya kulia!" Nikaita tena. Nikamwambia Baba Mdogo, "Si ukamwite? Mwambie ya kulia niliiunganisha kabla hajarudi, asinikasirikie."

Baba Mdogo akaizima ile rimoti. Watoto wa Kurui wakanyamaza, kwa sababu wao walijua. Kijiji kizima kilijua. Shangazi alikuwa amejiziba mdomo kwa upindo wa kanga yake.

Mama akateremka mpaka kwenye tope na lile gauni lake jipya. Akachuchumaa mbele yangu.

"Baba harudi, Fundi. Baba alikufa."

"Lini?"

"Ile siku uliyokaa kwa Mama Neema."

"Shangazi alisema yuko Kurui."

"Yuko Kurui. Yuko makaburini."

Nikamtazama. Nilitaka kumkamata kwenye uongo. "Wewe umemwona huko?"

Uso wake ukabadilika. Mimi mtoto nilikuwa nimeuliza kwa hasira tu, sikujua nimegusa nini.

"Hapana," akasema. "Walimchukua, mimi nikabaki ndani. Hata mimi sijafika, mwanangu. Twende wote."

Tukaenda. Mimi nimeikumbatia ndege inayodondosha maji, mama amenishika bega, Baba Mdogo nyuma yetu. Makaburi yalikuwa chini ya mikorosho, mengine ya zamani yamezama, mengine mapya mapya, na mama alisimama pembeni akiyatazama yote. Kisha akauliza, taratibu, "Ni lipi, Shabani?" Hakujua. Mume wake, na hakujua ni lipi. Baba Mdogo akaonyesha kwa mkono. Kulikuwa na kibao cha mbao chenye jina la baba kwa rangi nyeusi, herufi ya mwisho imebanwa kwa kukosa nafasi.

Pale ndipo mama alipolia. Kule nyumbani, siku zote zile, sikuwahi kumsikia. Alikaa chini kwenye majani makavu akalia kwa sauti, mikono miwili juu ya udongo, anamwita baba kwa jina lake ambalo mbele yetu hakuwahi kulitamka. Mimi sikulia. Nilisimama nimekauka. Sikujua niangalie wapi, nikaangalia ndege, nikaona zile waya tatu za upande wa kulia.

Nikakaa chini. Nikachomoa mbili, nikazibadilishana. Ya tatu sikuigusa. Nikamwambia Baba Mdogo awashe, na yeye, masikini, akawasha, machozi yanamtiririka. Pangaboi zikazunguka zote mbili kama inavyotakiwa, zikavuta hewa kwa nguvu moja, majani ya mikorosho yakaruka nyuma yake. Ndege ikataka kwenda. Niliihisi mikononi inavyotaka kwenda, nikaishika mkia.

"Ndiyo hivyo, baba?" nikauliza.

Nikangoja. Kisha nikamwambia Baba Mdogo azime.

Akasema turudi bwawani, sasa itaruka. Nikakataa. Walinibembeleza, bibi akaahidi kuku, nikakataa. Sikutaka kumfurahisha mtu yeyote pale. Shangazi sikumwamkia mwezi mzima, akiingia natoka, na mama hakunilazimisha. Ndege ile haijawahi kuruka mpaka leo.

Nilipokuwa mwari niliwahi kumwuliza mama kwa nini na yeye alinyamaza. Alikuwa akitunga uzi kwenye sindano. Akasema, "Ulikuwa unasema baba akija, baba akiona. Nyumba nzima hakuna aliyekuwa akisema hivyo ila wewe. Na mimi nilikuwa napenda kusikia." Halafu akaniambia ile midude ameshaitupa, nisimwulize tena.

Kumbe hakuitupa. Nikageuza ndege pale stoo, nikapitisha kidole kwenye solotepu ya boya la kushoto. Bado imenyooka, pindo la fundi cherehani. Hapo ndipo na mimi nilipolia, kilio cha mama yangu na cha baba yangu kwa pamoja, goti limezuia mlango.

Samira ndiye aliyenikuta. Alipenya kwenye ufa wa mlango, akasimama, akanusa. "Kunanuka nini?"

"Gundi."

"Hii ya bibi?"

"Ya bibi. Na babu yako."

Akaigusa pangaboi kwa ncha ya kidole, ikazunguka kidogo ikasimama. "Akirudi kutoka Kurui nitamwuliza anifundishe."

Sauti ya Shangazi ilikuwa ikiniita kutoka sebuleni, jamvi liko wapi. Nikaiweka ndege pembeni. Nikamkalisha mwanangu mapajani, nikamwambia bibi harudi, bibi amekufa, amezikwa Kurui. Nililisema neno lenyewe. Akanitazama, na ile hasira ya kunikamata kwenye uongo niliiona inakuja, naijua ilivyo.

"Wewe umemwona huko?"

"Hapana," nikamwambia. "Hata mimi sijafika, mwanangu. Twende wote."